Bao la Ndola na Mjapani wa Perugia

Agosti 1979 redio ilikuwa na kazi nyingi Ufipa. Kampala ilikuwa imeanguka tangu Aprili 11, Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na katika nyumba nyingi za Sumbawanga, Laela na Namanyere watu walikuwa wametega sikio kujua askari wanarudi lini. Katikati ya taarifa hizo ikaingia mechi. Taifa Stars walikuwa wameifunga Zambia bao 1-0 Dar es Salaam, na tarehe 26 walitakiwa kwenda Ndola kulinda bao hilo moja mbele ya wenyeji. Atakayepita alikuwa anakwenda Lagos, kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 1980, mahali ambapo Tanzania haikuwa imewahi kufika.

Mtu wa Ufipa alikuwa na sababu ya ziada ya kusikiliza. Kwa mstari wa ndege, Ndola iko karibu zaidi na Sumbawanga kuliko Dar es Salaam. Kusini mwa uwanda wa juu wa Ufipa, ukiteremka kuelekea Matai na Mto Kalambo, Walungu na Wamambwe wapo pande zote mbili za mpaka. Shangazi yuko Mbala, upande wa Zambia, mjomba yuko huku. Kufungwa na Zambia kungezaa utani ambao ungedumu msibani na harusini kwa miaka. Kwa hiyo watu walijaa penye redio, na penye redio palikuwa na shughuli yake: betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu ya dakika tisini.

Zambia walipata bao. Hesabu ikawa sawa kwa sawa. Kisha Peter Tino akasawazisha, mpira ukaisha 1-1, Tanzania ikapita kwa jumla ya mabao 2-1.

Hapo pana jambo ambalo kijana wa leo analipata kwa shida. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo bao lililowatoa watu nje wakirusha kofia, Ufipa nzima hakuna aliyeliona. Lilikuwa sauti ya mtangazaji, likakatikakatika kwa mawimbi, likaisha. Kilichobaki kila mtu alijichorea mwenyewe kichwani. Nimewahi kuwakuta wazee wawili Laela, ndugu wa baba mmoja, waliosikiliza redio moja siku ile, wakibishana kama Tino alipiga kwa mguu wa kulia au wa kushoto. Mkubwa akasema, "Wewe mdogo wangu ulikuwa nje unachunga, bao umelikuta limeshaingia." Mdogo akaapa kwamba alikuwa amekaa mlangoni. Waliligombea bao hilo kwa moyo wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona.

Machi 1980 Stars walikwenda Lagos. Walifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, wakatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga dhidi ya Nigeria, Thuweni Ally akafunga mawili yaliyobaki. Kocha Mpoland Slawomir Wolk alikuwa na Joel Bendera, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge na mkuu wa mkoa. Golini kulikuwa na Athuman Mambosasa na Juma Pondamali, nyuma kulikuwa na Jella Mtagwa na Leodegar Tenga. Watoto waliozaliwa miaka kumi baadaye waliyajua majina haya kwa mpangilio, kama wanavyojua majina ya babu zao, kwa kuwa yalitajwa kila Stars walipofungwa. Na Stars walifungwa sana. Hadi Machi 24, 2019, walipoifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kukata tiketi ya Misri, ilikuwa imepita miaka 39 tangu Lagos.

Umaarufu wa wachezaji hao ulikwenda kwa mdomo. Serikali ilifanya jitihada moja ninayoipenda: mwaka 1982, wakati dunia inaelekea Hispania kwenye Kombe la Dunia, Tanzania ilitoa stempu yenye picha ya Jella Mtagwa. Barua iliyotumwa Sumbawanga mwaka ule iliweza kufika na beki huyo pembeni ya bahasha, akipanda mlima kutoka Tunduma ndani ya basi lenye vumbi. Barabara ile ilikuwa ya udongo, masika malori yalilala njiani, na gazeti la Dar es Salaam lilisomwa likiwa limeshapitwa na mambo. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kujua Mtagwa alikuwaje anapokaba, stempu haijibu kitu. Redio ilikuwa inajibu, lakini mara moja tu.

Wakati Tino anafunga Ndola, mtoto aitwaye Hidetoshi Nakata alikuwa na miaka miwili na nusu huko Kofu, mkoa wa Yamanashi, Japani. Nchi yake wakati huo haikuwa na cha kujivunia katika soka. Ilikuwa na shaba ya Olimpiki ya Mexico 1968, na baada ya hapo kimya kirefu. Ligi ya kulipwa ilianza 1993. Mwaka huohuo, mjini Doha, Japani ilikosa kwenda Kombe la Dunia kwa bao la Iraki la dakika za nyongeza, na Wajapani waliokesha mbele ya televisheni wanaukumbuka usiku ule kama msiba.

Nakata alijiunga na Bellmare Hiratsuka 1995. Mwaka uliofuata alikuwamo katika kikosi cha vijana kilichoifunga Brazil 1-0 mjini Miami kwenye Olimpiki ya Atlanta. Novemba 16, 1997, huko Johor Bahru, Malaysia, Japani ilicheza na Iran mechi ya kuamua nani aende Ufaransa. Iran waliongoza 2-1. Nakata, mwenye miaka 20, alihusika katika mabao yote matatu ya Japani: pasi, krosi, na shuti lililotemwa na kipa, Masayuki Okano akamalizia katika muda wa nyongeza. Ndipo Japani ilipoingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Nchini Ufaransa walifungwa zote tatu, na Argentina, Kroatia na Jamaika. Lakini Perugia ya Italia ilikuwa imemwona kiungo yule mwenye nywele za rangi, anayegeuka na mpira kama hajaona kwamba nyuma yake kuna mtu. Septemba 13, 1998, katika mechi yake ya kwanza ya ligi, alikutana na Juventus, mabingwa. Perugia walifungwa 4-3. Nakata alifunga mabao mawili. Msimu ulipokwisha alikuwa na mabao kumi, na Wajapani walikuwa wakipanda ndege kwenda kushangilia katika mji wa mlimani ambao wengi wao hawakuwa wameusikia.

Nakaa hapa kidogo kwenye mwaka 1998, kwa sababu ndipo historia yake inapoachana na ya Tino. Nakata alikuwa amegombana na waandishi wa habari wa kwao. Waliandika mambo ambayo alisema yamepindishwa, na habari moja ya gazeti ilimletea hata vitisho kutoka kwa watu wenye siasa kali. Alifanya jambo ambalo wachezaji wachache sana duniani walikuwa wamelifikiria: alifungua tovuti yake mwenyewe, nakata.net, akaanza kuzungumza na mashabiki moja kwa moja. Leo kila mchezaji ana ukurasa, na wengi wamewaachia vijana wa ofisini wauandike. Mwaka 1998 intaneti ilikuwa inapigiwa kwa waya wa simu, na Sumbawanga ingesubiri miaka kabla mtu wa kawaida hajapata hata simu ya mkononi. Nakata alikuwa tayari anayatunza maneno yake kwa mkono wake.

Roma walimnunua Januari 2000. Mbele yake alikaa Francesco Totti, mtoto wa mji, nahodha, mtu ambaye hawekwi benchi. Nakata akakaa benchi yeye. Mei 6, 2001, Roma walikwenda Turin wakiwa kileleni, Juventus wakiwafukuza. Siku chache kabla, kanuni ya Italia iliyobana idadi ya wachezaji wa nje ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imelegezwa, la sivyo Mjapani asingepata nafasi kikosini. Mapema kabisa Del Piero na Zidane wakaifanya 2-0. Kipindi cha pili kocha Fabio Capello akamtoa Totti, jambo ambalo lingeweza kumgharimu kazi, akamwingiza Nakata.

Dakika ya 79 Nakata alipora mpira katikati ya uwanja, akasogea hatua chache na kuachia shuti la mbali lililokwenda kukaa juu kwenye kona ya goli. Kipa Edwin van der Sar aliruka kwa mwili wote na hakugusa kitu. Dakika za mwisho akapiga tena kutoka mbali. Safari hii van der Sar aliutema, Vincenzo Montella akaufuata na kufunga. 2-2. Juni 17 Roma wakawa mabingwa wa Italia, mara ya kwanza tangu 1983. Roma hadi leo humtaja Nakata pamoja na Totti, Batistuta na Montella wanaposimulia ubingwa ule, ingawa aliucheza zaidi akitokea benchi.

Alipouzwa Parma mwaka huo, Sumbawanga tayari kulikuwa na madishi ya setilaiti kwenye mapaa machache, na nyumba za udongo zilizogeuzwa vibanda umiza, watu wakilipa kiingilio kidogo na kukaa kwenye mabenchi ya mbao bega kwa bega. Umeme wenyewe, na hili watu wa huku hulisema kwa namna ya mshangao, kwa miaka mingi ulikuwa ukitoka Zambia kwa waya unaopitia Mbala. Kombe la Dunia la 2002 lilichezwa Korea na Japani, kwa hiyo mechi ziliangukia mchana wetu. Japani na Urusi walianza saa nane na nusu mchana. Japani wakashinda 1-0 kwa bao la Junichi Inamoto, ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia. Japani na Tunisia walianza saa tatu na nusu asubuhi, Ijumaa, saa ambayo mkulima yuko shambani na mwanafunzi yuko darasani. Nakata alifunga bao la pili kwa kichwa. Mashabiki wengi wa Sumbawanga bao lile walisimuliwa jioni, kama baba zao walivyosimuliwa lile la Ndola. Tofauti ni kwamba bao la kichwa la Nakata lilikuwa limeshahifadhiwa mahali. Lingeweza kusubiri.

Baada ya Parma, ambako alifunga katika fainali ya kwanza ya Kombe la Italia la 2002 na kutwaa kombe, mambo yalipungua kasi. Bologna kwa mkopo, Fiorentina, Bolton ya Uingereza. Majeraha yakamwandama. Juni 22, 2006, mjini Dortmund, Brazil waliifunga Japani 4-1 na kuitoa katika Kombe la Dunia la Ujerumani. Kipenga kilipolia, Nakata alilala chali katikati ya uwanja, jezi usoni, akakaa pale muda mrefu watu wakiondoka. Hakuna aliyejua anafikiri nini. Julai 3 akaandika kwenye tovuti yake kwamba ameacha mpira wa kulipwa. Alikuwa na miaka 29, mechi 77 za timu ya taifa, mabao 11. Hakuita waandishi. Waandishi walikwenda kusoma tovuti kama watu wengine wote.

Baada ya hapo alizunguka dunia miaka kadhaa, kisha kuanzia 2009 akazunguka mikoa yote 47 ya nchi yake akiwatembelea wakulima, wafinyanzi na watengeneza sake, ile pombe ya mchele, na baadaye akafungua kampuni ya kuitangaza. Hakurudi kuwa kocha, wala hakuketi studio kuchambua mechi. Kadiri alivyonyamaza kuhusu mpira, ndivyo video za mpira wake zilivyozidi kutafutwa.

Naamini umri alioondoka nao ni sehemu kubwa ya jambo hili. Hakuna video ya Nakata akiwa mzito, akipitwa na watoto, akizomewa. Mtandao umebaki na Nakata mmoja, wa miaka 19 hadi 29. Lakini hilo peke yake halitoshi. Peter Tino naye alikuwa kijana alipofunga Ndola. Kinachowatenganisha zaidi ni kamera, na nani aliyeitunza kanda baada ya kipenga.

Ushahidi tunao nyumbani. Mtanzania mwanamichezo mstaafu ambaye dunia inamjua zaidi mtandaoni ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Mexico, alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji na kuendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, giza likiwa limeshaingia. Mtengeneza filamu Mmarekani Bud Greenspan alikuwa na kamera. Kwa ajili ya kamera ile, mtoto wa Brazil au Korea anaweza kumwona leo Akhwari akichechemea mzunguko wa mwisho. Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari hasa, wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 kwa saa 2:15:05, lakini mbio zile hazina filamu inayozunguka, na dunia haizitaji.

Na mkimbiaji wa marathoni Juma Ikangaa. Huyu ndiye jamaa yetu mwenye ndugu wengi Japani. Alishinda Tokyo 1984 na 1986, akashinda Fukuoka 1986, na kabla ya hapo, Desemba 1983, alikuwa ameongoza Fukuoka mpaka hatua za mwisho kabisa, Toshihiko Seko akachomoka na kumshinda kwa sekunde tatu. Wajapani walirusha mbio hizo kwenye televisheni, nao ni watu wa kutunza kanda. Mjapani mwenye umri wa makamo anamjua Ikangaa kwa sura na kwa mwendo wake wa hatua fupifupi. Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, lilimfanya balozi wake nchini. Mtanzania anayetaka kumwona Ikangaa akikimbia katika ubora wake anategemea kumbukumbu za Wajapani. Nawashukuru kwa hilo. Linanichoma pia.

Maana sisi kumbukumbu tunazo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi miongo mingi ya sauti, na kanda zake zipo chini ya shirika la utangazaji la taifa, TBC. Watu huzizungumzia kwa ajili ya muziki, na ni haki, muziki ule ni mali. Lakini watangazaji wa mpira nao walikuwa wasanii, na walibeba nchi nzima kwa koo zao. Kama ipo kanda ya Ndola, au ya Lagos, au ya mechi yoyote ya vijana wale, basi iwekwe mahali ambapo mtu wa Namanyere mwenye simu na bando la wiki ataisikia. Na wachezaji wa 1980 walio hai waketishwe mbele ya kamera nzuri, mmoja mmoja, waulizwe maswali ya mpira, siyo maswali ya sherehe. Tenga, aliyeongoza shirikisho la soka nchini, TFF, kuanzia 2004 hadi 2013, anaweza kueleza safu ile ya nyuma ilivyopangwa. Hayo hayahitaji bajeti ya uwanja mpya.

Ufipa ya leo ingeyapokea. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, iliwekwa lami kwa fedha za Changamoto za Milenia za Marekani katika mkataba uliokwisha 2013. Nyaya za baharini zilitua Dar es Salaam kuanzia 2009, mkongo wa taifa ukazifikisha mikoani. Kwa vijiji ambavyo mtandao unasuasua, kazi ilifanywa na vibanda vya kurushia nyimbo: unapeleka memori kadi, kijana wa kompyuta anakujazia miziki, sinema za kutafsiriwa, na mabao. Klipu nyingi za zamani zilipanda Ufipa namna hiyo, zikiwa hazina jina la mechi wala mwaka.

Fundi simu mmoja wa Sumbawanga, aliyezaliwa baada ya ubingwa wa Roma, alinionyesha ile ya Turin kwenye simu ya mteja aliyokuwa akiijaribu spika. Alikuwa ameshaiangalia mpaka anajua sekunde ambayo mguu unainuliwa. Alisimamisha picha pale Nakata anapougusa mpira mara ya kwanza baada ya kuupora, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Ona bega, kaka. Yule beki ameshaenda upande mwingine kabla hata hajapiga." Yeye mwenyewe hucheza namba nane jioni. Aliniuliza kama Mjapani huyo bado anacheza. Nilipomwambia ameacha tangu 2006, alishangaa kidogo, akairudisha klipu mwanzo akaiangalia tena. Nikamuuliza kuhusu Peter Tino. Jina alilijua, kutoka kwa babu yake. Akasema, "Huyo niliambiwa tu."

Uwanja wanaochezea majirani zake wakubwa ni Nelson Mandela, na uwanja huo una historia yake ya karibuni ambayo inastahili kuelezwa sawasawa. Jumapili, Agosti 2, 2020, ulikuwa mwenyeji wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Namungo ya Ruangwa. Ligi ilikuwa imesimama miezi kadhaa kwa ajili ya korona, kisha ikamaliziwa haraka, Simba wakiwa mabingwa kwa mara ya tatu mfululizo. Mji ambao kwa miaka uliishi kusikia mpira mkubwa ukichezwa kwingine ukaletewa fainali ya taifa mlangoni. Watu walitoka Nkansi, Kalambo, Mpanda, Tunduma. Luis Miquissone wa Msumbiji alifunga la kwanza, nahodha John Bocco la pili, Edward Manyama akairudishia Namungo moja. Simba 2-1. Kwa sababu Simba walikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa tayari, Namungo ndio waliokwenda Kombe la Shirikisho Afrika, na wakafika hatua ya makundi.

Safari hii kila tukio lilipigwa. Azam TV walikuwa na kamera zao, na mashabiki jukwaani walikuwa na zao, mikono juu, dakika tisini. Oktoba 22 mwaka huohuo Simba walirudi palepale kucheza ligi na Tanzania Prisons, waliokuwa wameufanya Mandela uwanja wao wa nyumbani. Bao la Samson Mbangula likawamaliza, 1-0. Fundi yule anayo video ya shangwe ya bao hilo aliyoipiga mwenyewe akiwa nyuma ya goli, kelele na upepo wa Sumbawanga vikiingia kwenye maiki. Ameihamisha simu tatu sasa, na ndani ya jina la faili ameandika tarehe, timu na mfungaji.